Bolti ya sampu imeliwa kichwa

Baba Junior: Wakubwa shikamooni, wadogo habari za jumapili. Jamani niko chini ya gari yangu IST apa nyumbani nataka kumwaga oili, bolti ya sampu, lile bati la chini linaloshika oili ya injini, imeliwa kichwa, spana ya 14 inazunguka tu haishiki kitu. Gereji niliyopeleka mara ya mwisho kijana aliikaza kwa kuchomekea bomba kwenye spana nikamwambia taratibu akasema ndo inavotakiwa. Nani ana njia

Baba Junior: 📷 Picha

Dada Mkubwa: Gari liko juu ya nini kwanza? Na watoto wako wapi?

Baba Junior: Stendi mbili dada, jeki nimeiacha inagusa tu, tairi za nyuma zina mawe. Watoto wako kwa jirani

Dada Mkubwa: Haya sawa

Shemeji Mbagala: Duh imekua duara kama shilingi. Si uchome na tochi ya gesi kidogo afu ugonge na tindo, huku kwetu kwenye bajaji ndo wanavotoa

Mjomba Tanga: HAPANA MOTO APO. Nyuma ya hiyo bati kuna oili lita tatu na ushee na gari lina petroli. Moto ni wa bolti za ekzosti au za chini kwenye springi, tena baada ya kuangalia mipira na mipaipu yote iliyo karibu. Sampu usiiguse na moto kabisa

Mjomba Tanga: Marahaba wote

Shemeji Mbagala: Nimekuelewa mjomba

Mjomba Tanga: Baba Junior nijibu, inavuja?

Baba Junior: Haivuji hata tone mjomba ni kavu

Mjomba Tanga: Basi tulia huna dharura. Gari linatembea, likikushinda unaliwasha unalipeleka kwa mtu mwenye vifaa. Na oili yenyewe inaweza kutolewa kwa juu, kuna pampu ya mkono ina mrija mwembamba unapita kwenye tundu la stiki ya kupimia, inafyonza. Hapo chini inabaki kidogo na uchafu wake lakini injini inapata oili mpya. Nasema ivi ili usilipige hilo bolti kwa hasira, mtu akishaona leo lazima litoke ndo anavunja kichwa kabisa

Mama Mkubwa: Jamani mchango wa sendoff mwisho ijumaa, nimeona watu wawili tu wametuma

Dogo Chuo: Bro piga picha spana uliyotumia, upande wa mdomo

Baba Junior: 📷 Picha

Dogo Chuo: Ndo hiyo sasa. Hii ringi ina pembe 12 afu angalia ubavuni imeandikwa 9/16, sio 14. 9/16 ni milimita 14.29, inaingia kwenye bolti ya 14 ukadhani ni yenyewe kumbe inacheza, ukitia nguvu inakamata kwenye ncha tu inazikata. Bolti ikiwa imekazwa sana tumia boksi ya pembe 6, ile spana ya kikombe, inalalia ubapa wa bolti sio ncha

Baba Junior: Spana hii ilikuja na gari kwenye buti aisee

Dogo Chuo: Itenge kabisa isikae na za milimita

Shemeji Mbagala: Sasa apuliziwe WD-40 alale nayo?

Mjomba Tanga: Shemeji hiyo ni kwa bolti ya kutu. Magari yanayotoka sehemu za baridi Japani wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha theluji, yanakuja chini yameoza, huku Tanga nayo upepo wa bahari unafanya kazi yake, apo kweli unapulizia unasubiri hata usiku mzima. Lakini bolti ya sampu thredi zake zimelala kwenye oili muda wote, haiozi kwa ndani. Hii imekamatwa na washa, ile pete ya kuzibia chini ya kichwa, na mkono wa mtu aliyekaza kupita kiasi. Dawa yake ni mshtuko na kushika vizuri

Mjomba Tanga: Fanya ivi. Futa kichwa na brashi ya waya, kikauke, oili na mchanga ndo vinatelezesha. Weka kipande cha shaba au chuma laini juu ya kichwa, kigonge na nyundo ya kiasi, kwa kunyooka kuelekea ndani, sio kwa pembeni. Kiasi mkono usikie kishindo ila bati isibonyee. Hiyo inavunja ule mshiko wa washa. Afu niambie kimebaki kichwa kiasi gani

Baba Junior: Nimegonga mjomba. Kichwa urefu kipo wote ila ncha ndo zimeisha, ubapa unaonekana kidogo pande mbili

Mjomba Tanga: Una tupa?

Baba Junior: Ipo ya kunolea mapanga

Mjomba Tanga: Inafaa kama ina meno. Anza na hizo pande mbili afu na zingine nne, chonga zote sita zibaki bapa, kidogo kidogo, unapima, mpaka boksi ya 13 ya pembe 6 ianze kuingia kwa shida. Usichonge mpaka iingie kirahisi. Ikianza kukamata ndo unaipigilia na nyundo izame mpaka mwisho

Dogo Chuo: Na boksi iwe fupi bro, ukiweka ekstensheni ndefu inapinda inaruka

Dogo Chuo: Kama 13 ikikataa tafuta vaisigripu, ile koleo ya kujifunga, lakini meno yake yakamate ubavu wote, na skrubu ya nyuma uibane mpaka kuifunga iwe tabu. Kuna na boksi maalum zina meno ya mzunguko ndani, zinazidi kuuma kadri unavyofungua, hizo nakuletea jumanne

Mjomba Tanga: Na ukilala chini usichanganye upande, utazame kichwa cha bolti chenyewe, kufungua ni kinyume cha saa. Nimeona vijana wengi wanakaza wakidhani wanafungua. Vuta kwa nguvu moja ya kukusanya, usitikisetikise, kutikisa ndo kunakula

Baba Junior: Sawa nashuka

Dada Mkubwa: Vaa miwani, chuma kisikuingie jichoni

Mama Mkubwa: Ijumaa jamani

Baba Junior: IMELIA KÀ nikajua imevunjika kumbe imeachia!! Oili inashuka kwenye beseni, nyeusi tii. Mjomba Mungu akuweke

Shemeji Mbagala: Safiii

Mjomba Tanga: Alhamdulillah. Sasa sehemu ya muhimu zaidi, hilo bolti usilirudishe. Chukua jipya na washa mpya. IST yako kama ni injini ya 1NZ bolti ni 12 kwa 1.25, yaani unene milimita 12, thredi moja mpaka nyingine milimita 1.25. Nenda nalo la zamani dukani, pale Gerezani Dar yamejaa, yaweke pamoja thredi kwa thredi uangalie mwanga kama unapita. Kuna la 12 kwa 1.5, unene uleule, kichwa unaweza ukakuta kilekile, linaingia mizunguko ya kwanza vizuri afu linakaza, mtu anafikiri ni uchafu anaongeza nguvu, thredi za sampu zinakwisha pale pale

Dogo Chuo: Na jipya uliingize kwa vidole mpaka washa iguse bati. Likigoma vidole usitie spana, toa. Kama thredi za sampu zimechubuka nina tepu ya 12x1.25, kile chuma cha kuchongea thredi, nakuja kuzisafisha, tunapaka grisi kwenye tepu inashika vyuma visiingie ndani, afu tunamwagia oili kidogo ya kupitisha isukume mabaki nje

Baba Junior: Limeingia kwa vidole, jirani ana duka la spea tumelinganisha, washa ya mpya pia. Kukaza kiasi gani

Dogo Chuo: Kitabu cha 1NZ kinasema nyutoni mita 38. Kama huna toki renchi, ile spana ya kupimia nguvu, tumia spana ya kawaida ya 14, mkono mmoja, kifundo cha mkono na sio mwili mzima. Bomba la kurefusha marufuku

Mjomba Tanga: Andika hiyo 38 uibandike kwenye boneti kwa ndani, gereji yoyote ukienda uwaonyeshe. Sijui kwa nini vijana wanaamini bolti ya oili itadondoka, washa ndo inayozuia isivuje, nguvu ya kupita kiasi haisaidii kitu

Mjomba Tanga: Oili lita 3.7 ukibadili na filta. Weka 3.4 kwanza, washa injini dakika chache, zima, subiri ishuke, pima na stiki ndo uongeze

Dada Mkubwa: Na iyo chafu usimwage mtaroni wala kwenye vumbi uani, kisima cha huyo jirani kiko pale pale

Baba Junior: Nimeitia kwenye dumu dada, kuna gereji wanazikusanya nawapelekea kesho. Nimewasha, nimeweka kadibodi nyeupe chini, haina tone

Shemeji Mbagala: Mjomba na mi Noah yangu ni hiyohiyo 12 kwa 1.25?

Mjomba Tanga: Toyota nyingi za petroli ndo hiyo lakini usinunue kwa kusikia. Mwaga oili, shika bolti lako mkononi, nenda nalo. Na kabla hujalala chini nitumie picha ya spana