Kupanda Elgon kwa baiskeli: lami, moramu au njia ya mguu?

Kona_ya_Nane

Wadau, salaam. Natafuta ulinganisho wa kweli, ushabiki tuuweke pembeni. Baiskeli ina magurudumu ya 29, shokapu ya mbele tu, gia moja ya mbele yenye meno 32, nyuma ni 11 hadi 42. Tairi ni inchi 2.25 na bado zina tyubu. Kutoka mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda, kwenda juu, iwe mlima wa Wanale au upande wa maporomoko ya Sipi, nipande kwa lami, kwa barabara ya moramu, au kwa vile vijia vya watembea kwa miguu vinavyokata kona? Lengo ni kufika juu bado nina miguu ya kushukia.

HesabuKwanza

Tuanze na namba, maana hapa ndipo watu hudanganyana. Chukua mtu, baiskeli na maji yake: kilo 85. Anakanyaga kwa nguvu ya wati 200 bila kupungua, na anataka kupanda mita 600 za wima.

Kwa lami yenye mwinuko wa asilimia 8, safari ni kilomita 7.5. Tairi pana la mlimani likibingirika kwenye lami linakuzuia kana kwamba umeongezewa mwinuko wa asilimia 1.2 hivi, kwa hiyo miguu inauona mlima wa 9.2. Mwendo ni kama kilomita 9.4 kwa saa. Dakika 48.

Moramu kavu iliyoshindiliwa, mwinuko uleule: nyongeza ni 2 badala ya 1.2. Mwendo 8.6, dakika 52.

Kijia chenye mwinuko wa 15 ni kilomita 4 tu, lakini udongo na mawe vinaongeza 3. Miguu inauona mlima wa 18. Mwendo 4.8, dakika 50.

Zote tatu zinaangukia dakika hamsini! Anayesema kijia "kinafupisha" anahesabu kilomita, hahesabu jasho. Siri iko kwenye maneno "bila kupungua". Lami inakuruhusu kushika wati 200 mpaka juu. Kwenye kijia, jiwe moja linadai 400 kwa sekunde tano, halafu unahema, halafu mzizi unadai zake. Ukishuka na kusukuma, mwendo ni kilomita 2.5 kwa saa. Nusu kilomita ya kusukuma inakuongezea kama dakika sita. Kwa mwenye lengo lako, jibu ni lami.

Punda_wa_Sebei

Hesabu nzuri, ssebo, lakini vijia si vya aina moja, na wengi hawajiulizi kwa nini vya Elgon ni vikali hivyo. Barabara ilichorwa kwa ajili ya malori, ndiyo maana inazunguka. Kijia kilichongwa na nyayo za watu na kwato za punda waliobeba kahawa na mahindi. Mtu mwenye mzigo kichwani hapendi mizunguko, anakwenda moja kwa moja. Pale kijia kinapounganisha kona mbili za barabara, mwinuko unaweza kupita 20, na maji ya mvua yameshachimba mfereji katikati yake. Hivyo ni vya kushukia. Kuvipanda ni kujitesa.

Vijia vinavyopandika ni vinavyokwenda ubavuni mwa mlima, kutoka kijiji hadi kijiji au kufuata mkondo wa maji. Namna ya kuvitambua bila ramani: ukiona alama za tairi za bodaboda, mwinuko wake unavumilika. Ukiona ngazi zilizochimbwa kwa jembe, achana nacho.

Pia angalia kivuli. Chini ya migomba na mibuni udongo hubaki na unyevu mpaka saa nne au saa tano asubuhi hata kama hakujanyesha. Majani ya mikaratusi yaliyolowa ni kama sabuni, gurudumu la nyuma linazunguka hapohapo. Anza na barabara asubuhi, vijia baadaye, na uwe umemaliza kabla ya mvua ya alasiri.

Fundi_Cheni

Naona mnabishana kuhusu njia, kumbe baiskeli yenyewe imeshaamua. 32 mbele na 42 nyuma kwenye gurudumu la 29: mzunguko mmoja wa krenki, yaani mikono inayoshika pedeli, unakupeleka mita 1.74. Ule mwendo wa 4.8 wa kijiani ni mita 80 kwa dakika, maana yake unakanyaga mara 46 tu kwa dakika. Hapo magoti ndiyo yanayobeba, na ukikuta jiwe huna cha kuongeza. Kwenye lami, kwa 9.4, unakanyaga mara 90. Raha kabisa.

Wenye 32 kwa 51 wanapata mita 1.44, yaani mara 56 kwa dakika kwenye kijia hichohicho. Bado ni nzito kidogo, ila inapandika.

Na msizidharau baiskeli kuukuu za inchi 26 zinazouzwa mitumba. Zile zenye gia tatu mbele, ndogo ikiwa meno 22, na nyuma 34, zinatoa mita 1.34 kwa mzunguko. Ni nyepesi kuliko hiyo yako ya kisasa! Tatizo lake ni breki na cheni iliyolegea. Gia iko sawa.

Dawa ya bei nafuu kwako si kununua seti nzima ya nyuma. Badilisha gia ya mbele kutoka 32 hadi 28, unashuka hadi mita 1.53. Kabla ya kununua, tazama krenki. Kama gia imefungwa kwa bolti nne zilizokaa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 104, 28 haitaingia; mwisho wake kwa kawaida ni 32, na 30 za muundo maalumu. Kama imevaa moja kwa moja kwenye krenki, 28 inaingia. Ukiifunga, toa pingili mbili za cheni, ya ndani moja na ya nje moja, usiiache ikining'inia. Unachopoteza ni mwendo wa tambarare: kwa 28 na 11, ukikanyaga mara 90, unaishia kilomita 31 na nusu kwa saa. Kwenda Sironko hutahitaji zaidi ya hapo.

Jambo jingine: kijiani badilisha gia KABLA ya mwinuko. Ukibadilisha huku umekandamiza pedeli kwa uzito wote, cheni inapanda jino nusu, pini inatoka pembeni, na inakatika mita mia mbili mbele wakati umeshasahau ulichofanya. Beba kiungo kimoja cha haraka cha cheni kinacholingana na idadi ya gia zako za nyuma na kifaa cha kutolea pini.

Kioo_cha_Kulia

Kila mtu anaisifu lami kana kwamba haina watu. Barabara ya Sipi inapanda kutoka tambarare ya mita 1,100 hivi hadi karibu 1,775, na kwenye kona hizo uko pamoja na malori, taksi na bodaboda. Mambo mawili ya kujua, kwa kuwa hapa tunaendesha kushoto.

Kona inayokunja kushoto: wewe uko ndani ya kona, ndipo palipo mwinuko mkali kuliko sehemu zote. Lori linalopanda nyuma yako litatanua kulia kwanza ili likate kona, na unadhani limekupisha. Halijakupisha. Magurudumu yake ya nyuma hayafuati ya mbele, yanakata ndani, yanakubana kati ya tela na mtaro. Ukilisikia lori nyuma na kona ya kushoto iko karibu, toka barabarani, usubiri lipite.

Kona inayokunja kulia: uko nje ya kona, mwinuko ni mpole, utafurahi. Lakini lori linaloshuka litatanua kuingia upande wako. Usipande ukiwa umeinamisha kichwa.

Ukingo wa lami nao mara nyingi umemeguka. Ukiteleza kutoka lami hadi changarawe iliyo chini kwa sentimita kumi, usijaribu kurudi kwa kukwaruza tairi kwenye ukingo. Simama, inua baiskeli. Kioo kidogo upande wa kulia wa usukani, taa nyekundu ya nyuma hata mchana. Kuondoka ni saa kumi na mbili na nusu, mara tu panapopambazuka.

Matuta_ya_Kigezi

Huku kwetu Kigezi, yaani Kabale na Kisoro kusini magharibi mwa Uganda, hali ni tofauti kidogo, na inasaidia ulinganisho. Milima imekatwa matuta ya kilimo, kwa hiyo vijia vingi vinafuata ukingo wa tuta, vinapanda polepole. Kijia cha Kigezi hupandika kuliko cha Elgon. Kasoro yake ni upana: ukingo wa nje ni udongo laini wa shamba, pedeli ya ndani inagonga ukuta wa tuta. Gari likikosekana, hatari inakuwa kuporomoka kwenye viazi vya mtu. Na viazi hivyo utavilipa.

Punda_wa_Sebei

@HesabuKwanza hujagusa suala la mafunzo. Anayepanda lami tu anajenga mapafu. Baiskeli hajaijua bado. Chukua ngazi ya mmomonyoko, sentimita kumi na tano, katikati ya kijia. Namna ya kuipanda: ingia ukiwa na gia moja ngumu kuliko ile nyepesi kabisa, maana nyepesi kabisa inazungusha gurudumu hewani. Makalio yasogee hadi ncha ya kiti, viwiko chini, kidevu karibu na usukani. Gurudumu la mbele likiwa nusu mita kabla ya ngazi, krenki iwe mbele juu kidogo, pale namba 2 inapokaa kwenye uso wa saa. Kanyaga mara moja kwa nguvu, lipunguzie uzito gurudumu la mbele, usilivute kwa mikono. Likishapanda, inama mbele na uendelee kukanyaga, la nyuma litafuata. Makosa ni mawili: kusimama kwenye pedeli, ambapo uzito unaondoka nyuma na tairi linateleza, na kuacha kukanyaga pale gurudumu la nyuma linapogusa ngazi. Hili la pili ndilo linalowaangusha wengi, na utaanguka upande wa bonde.

Hayo huyapati kwenye lami hata upande mwaka mzima.

HesabuKwanza

Sikatai. Nilijibu alichouliza: kufika juu na miguu ya kushukia. Akitaka kujifunza ngazi, achague kijia cha mita 300, akirudie mara sita akiwa hajachoka. Kujifunza ufundi kwenye dakika ya arobaini ya kupanda ni kujifunza kuanguka.

Kona_ya_Nane

Asanteni sana. Na upepo wa tairi? Naweka PSI 40 kila mahali.

Fundi_Cheni

40 kwa lami ni sawa. Kwa moramu shusha hadi 30, la sivyo baiskeli inarukaruka juu ya matuta madogo ya barabara na kila mruko unakula nguvu. Kijiani, kwa tyubu, nyuma 28 na mbele 25. Kupanda unaweza hata 24 nyuma, tairi litashika vizuri, kwa sababu mwendo ni mdogo. Lakini usishuke na hiyo 24. Tyubu itabanwa kati ya rimu na jiwe, utakuta matundu mawili sambamba. Ongeza upepo ukiwa juu, ndiyo maana pampu inabebwa safarini na haiachwi nyumbani.

Ukihamia tairi lisilo na tyubu, 23 nyuma na 20 mbele zinatosha kwa mtu wa kilo 70. Mimina mililita 100 za maji ya kuzibia kila tairi, na uangalie kila miezi miwili. Kwa joto letu hukauka na kubaki ngozi tu.

Na shokapu: kwenye lami ifunge. Kijiani iache wazi, gurudumu la mbele likimeza jiwe halikurudishi nyuma.

Mama_Pedeli

Hamjataja mvua, na mtoa mada anapanda Elgon. Udongo mwekundu wa mfinyanzi ukilowa, zile asilimia 3 za HesabuKwanza zinafika 8 na kuzidi. Kabla ya kuingia kijiani, okota donge, lifinye na ulisokote kati ya viganja. Likisokotwa kama kamba bila kukatika, rudi barabarani. Ukilazimisha, tope linajaa kati ya tairi na fremu, magurudumu yanagoma kuzunguka, unabeba baiskeli yenye kilo za ziada. Kijiti cha mti kinatoa tope hilo kuliko maji. Na usikwangue karibu na kigeuza gia huku unazungusha pedeli: kijiti kikinasa kinaingia kwenye spoku, na sikio linaloshikilia kigeuza gia linapinda au kukatika. Beba sikio la akiba, kila fremu ina lake na huwezi kuazima la mwenzako.

Tairi pia linachora mfereji kwenye kijia kilicholowa, mvua ijayo inaufuata mfereji huo, na watoto wa shule ndio wanaotembea humo. Kwa wiki za mvua panda kwa moramu yenye mitaro au kwa lami, basi.

Vijia vinapita uani kwa watu. Punguza mwendo, "mulembe" kwanza upande wa Wagisu. Mwenye mzigo kichwani ana haki ya njia, apande au ashuke. Ukikutana na punda, shuka, simama upande wa juu wa mlima, yeye apite upande wa bonde, usije ukasukumwa na gunia. Ukitaka kuvuka mpaka kuingia Hifadhi ya Mlima Elgon, hilo ni suala la UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda: ada na askari wa kukuongoza.

KilimaSaba_KLA

Sisi wa Kampala tuna vilima vya Kololo na Namirembe tu, lami na mashimo. Tunasoma kwa wivu.

Kona_ya_Nane

Nimeelewa. Lami mpaka Sipi asubuhi, PSI 40, shokapu imefungwa. Vijia vya ubavuni baada ya saa tano kama donge halisokotwi. Krenki yangu ina bolti nne.

Fundi_Cheni

Pima kutoka bolti moja hadi inayofuata, kati kwa kati. Ikiwa milimita 73 na nusu, duara ni 104. Basi tafuta ile 30 yenye nyuzi za bolti ndani ya gia yenyewe. Kwa 30 na 42 utapata mita 1.64, kwa vijia vya ubavuni inatosha, ila zile njia za mkato za kona kwa kona zipandie kwa mguu.