Tupeane uzoefu: upepo au mvua ilipowaharibia uwanja, timu yenu ilienda kuchezea wapi?

Wadau salaam. Jana usingizi ulinikataa nikawa napekua picha za zamani za ile Superdome ya New Orleans, uwanja wa ule mpira wao Wamarekani wa kukimbia na mpira mkononi, baada ya kimbunga Katrina kupiga Agosti 2005. Paa limebanduka vipande vipande, maji yanamwagika mpaka kwenye viti, na humo ndani ndimo maelfu ya watu walimokimbilia wakalala siku kadhaa kwa joto na giza, vyoo vimefurika. Alafu chini ya picha kuna mashabiki wanaulizana, sasa Saints, timu ya mji huo, watachezea wapi? Wenzao wakawarukia kwa matusi, ati watu wamekufa nanyi mwauliza mpira.

Mie wale waliouliza siwalaumu hata kidogo. Mtu nyumba yake imeenda na maji, kazi imeenda, atauliza kitu anachoweza kukiuliza. Na jibu lenyewe lilikua chungu, maana mechi yao ya kwanza ya "nyumbani" walipelekwa kwenye uwanja wa wapinzani wenyewe, New York Giants, wakachapwa 27-10, zilizobaki zikagawanywa San Antonio na Baton Rouge. Msimu mzima wameshinda 3 wakapoteza 13. Sasa nyumbani gani huko yakhe.

Basi tupeane uzoefu. Hapa kwetu Mombasa na pwani kwa jumla, masika au kusi iliwahi kuwafanyia nini? Usiandike "mvua ilinyesha tukaenda nyumbani", toa stori.

Beki Tatu wa Likoni
Hio ya nyumbani kua ugenini sie tumeipitia bana. Masika moja kiwanja chetu kiligeuka ziwa, vyura wanalia kwenye penalti boksi, wasimamizi wa ligi wakasema mechi yetu inahamishwa kisiwani na bado inahesabiwa ni ya nyumbani. Haya, timu ikavuka mapema na feri ya asubuhi, ila begi la jezi liko na kijana mwengine amekwama foleni ngambo, na mashabiki wetu wote wako nyuma yake, feri moja mbovu, mvua inapiga. Refa hataki kusubiri. Ikabidi wapinzani watuazime jezi zao za akiba, wao wenyewe wakavaa zile ambazo rangi yake inakaribiana na za kwetu. Mashabiki wameingia wamelowa chapachapa kipindi cha pili, wanaona jezi wanayoijua inaenda mbele, goli limeingia uwanja ukalipuka kwa vifijo, watu wanarukaruka wanakumbatiana, sie tuko katikati ya uwanja tunawaangalia tu. Wameshangilia goli tulilofungwa. Kuna mzee mmoja mpaka leo ukimwambia anakataa, asema alijua.

Fundi Dishi
😂😂😂 Likoni nyinyi hamna dogo.

Yangu si ya uwanja ni ya banda, ila nalo ni uwanja kwa sisi tusio na nauli ya kwenda Istanbul. Mei 25, 2005, fainali Liverpool na Milan, banda moja Kisauni, mabati juu makuti pembeni, watu wamejaa mpaka wengine wamekalia kreti za soda. Mechi imeanza saa nne kasorobo usiku na mvua iko tangu magharibi. Milan kafunga 3 kabla ya mapumziko. Hapo hapo upepo ukaingia chini ya bati moja likafunuka lote likaanza kupiga kelele pwaa pwaa, dishi likazunguka likaangalia Shimo la Tewa, na stima nayo ikasema kwaheri. Mashabiki wa Liverpool wakaondoka zao, wengine ni kama wamefurahi kua Mungu amewaepushia aibu. Wale wa timu zengine wakabaki kudai pesa zao za kiingilio, mwenye banda akasema nyinyi mlilipa kuona mpira na mpira mmeuona, nusu yake ndio mbaya nusu nyengine ni bahati yenu kukosa.

Asubuhi tunaenda kununua mahamri twasikia 3-3, Gerrard, Smicer, Alonso, alafu Liverpool kashinda kwa penalti. Kuna watu hawakusemezana na yule mwenye banda mwaka mzima. Kosa lake ni nini mie sijui mpaka leo, si yeye aliyeleta upepo.

Mama Viazi
Nyote mnaongea habari za wachezaji na mashabiki. Mie si shabiki, nlikua nauza viazi karai na kachri na juisi ya ukwaju pembeni ya uwanja, kila jumamosi na jumapili jioni, na hapo ndipo nilipolipia watoto karo. Siku hio mechi ya mahasimu, watu wengi, nimeweka turubai jipya. Upepo ulitoka upande wa bahari ghafla mchanga ukanyanyuka mtu haoni mwenzake, turubai likang'oka na nguzo zake zote mbili likaenda kumfunika laini-refa, karai la mafuta likapinduka likaingia kwenye jiko. Alhamdulillah hakuna aliyeungua, watoto walikua wameenda kuokota mpira upande wa pili. Vijana walinichangia jioni ile ile, wengine mia wengine hamsini, nawaombea mpaka leo.

Lakini si hio iliyoniumiza. Mvua za wiki ile zilichimba mtaro katikati ya uwanja na timu ikahamia kwengine. Kule kwengine kuna wauzaji wake wa siku zote, mgeni ukifika na sufuria yako unaangaliwa jicho la kukuchoma, na wana haki, ni riziki yao. Pesa ya turubai ilikua ya chama, kila mwezi natakiwa nirudishe na sina pa kuuzia. Timu ikihama magazeti yaandika timu imehama. Nani aliandika watu wa viazi, watu wa mabuyu, yule kijana wa kuchunga bodaboda za watu?

Mkazi wa Tudor (mwenye uzi)
Mama hii umenikalisha chini. Hili la wauzaji sikulifikiria kabisa nilipoanzisha uzi.

Mnyonge wa Ganjoni
Ila tusijifananishe na Marekani jamani, Mombasa hatuna vimbunga, tuna upepo wa kawaida na mifereji iliyoziba. Ile mvua ya Novemba 2023 ilifurika mji mzima na haikua kimbunga.

Mwalimu Jografia
Kweli nusu. Kimbunga kinahitaji msukumo unaotokana na dunia kuzunguka ndio upepo upate kujizungusha, na karibu na ikweta msukumo huo ni mdogo sana, kwa hivyo vimbunga kwa kawaida haviumbiki ndani ya digrii 5 hivi. Mombasa tuko digrii 4 kusini, yaani tumekaa pazuri. Lakini majirani zetu wamepigwa. Unguja Aprili 15, 1872 kimbunga kiling'oa mikarafuu ya kisiwa, biashara ya karafuu ikahamia Pemba kwa kiasi kikubwa. Lindi nao wakapigwa Aprili 15, 1952, tarehe ile ile, miaka 80 kamili baadae. Na juzi tu Mei 2024 Hidaya alikuja mpaka karibu na Mafia, sie huku tukaambiwa tusiende baharini, mashindano ya vijana niliyokua nasimamia tukayaahirisha, alafu kwetu ikawa jua linawaka na watoto wananiuliza mwalimu kimbunga kiko wapi. Bora waniulize hivyo.

Na upepo wa kawaida usiudharau. Kusi la Juni Julai kwenye viwanja vya kando ya bahari ni mchezaji wa 12. Kipa anapiga golikiki mpira unapanda, unasimama, unamrudia. Kapteni mwenye akili akishinda sarafu anachukua upepo kipindi cha kwanza kabla haujatulia jioni.

Mtoto wa Majengo, niko Houston
Nimesoma hapa kimya kimya ila kwa vile Superdome imetajwa acha niseme niliyoyaona. Mwaka ule nlikua mwanafunzi hapa Houston na watu waliotolewa Superdome waliletwa kwa mabasi mpaka Astrodome, uwanja wetu wa zamani. Yaani kutoka uwanja kuingia uwanja. Nilijitolea na vijana wengine wa msikitini kupanga nguo na kugawa maji. Mtu wa Mombasa nimekua na mafuriko lakini vile sijaona, vitanda vimepangwa uwanjani mpaka macho yanachoka, karatasi za "namtafuta mwanangu" ukutani.

Na walikuamo waliovaa jezi za Saints, ndio nguo pekee waliyotoka nayo. Nikamuuliza baba mmoja ile ile ya kwenye uzi, timu itachezea wapi sasa. Akanambia yeye ule uwanja hataki kuuona tena, na wakiubomoa atashukuru. Alikua shabiki tangu timu inaanza kucheza 1967, ana tiketi ya msimu, na usiku wa pili alilala karibu na kiti chake mwenyewe cha kila siku huku bibi mzee pembeni yake anazidiwa hana dawa. Kwa hivyo mwenye uzi, ukisema mashabiki walitaka uwanja urudi, wengine ndio, wengine hapana, na wote ni mashabiki. Na maneno yalikua mengi mtaani kua timu inahamia San Antonio moja kwa moja, watu wakawa wanakasirika na kitu ambacho hata hawajui kama wanakitaka.

Superdome ilipofunguliwa tena, Septemba 25, 2006, Saints na Atlanta Falcons, niliangalia kwa jirani yangu mmoja wa New Orleans aliyeamua kubaki Houston. Hata dakika mbili hazijaisha, Falcons wanataka kuupiga mpira kwa mguu kuuondoa kwao, Steve Gleason akaruka akauzuia kwa mikono, mpira ukaviringika nyuma ya mstari, mwenzake Curtis Deloatch akauangukia. Nikageuka kumwangalia jirani, ametoka nje yuko kwenye ngazi analia, hakurudi ndani mpaka robo ya pili. Ikaisha 23-3. Sasa hivi nje ya uwanja kuna sanamu ya ile ruka. Yule baba wa Astrodome sijui kama aliwahi kuingia tena, sikupata kumuona.

Fundi Dishi
Wallahi nimesoma mara mbili.

Mchezeshaji Mstaafu wa Mtaani
Haya na yangu ni fupi ila ina uchungu wa aina nyengine. Kiwanja chetu sitotaja wapi, kesi ingalipo. Vuli moja mvua iliangusha ukuta wa upande wa barabara, wote, toka kona mpaka kona. Sie tukaanza kuchangisha mawe na saruji, mafundi ni watoto wetu wenyewe, wengine hata pesa hawakutaka. Kabla hatujaweka tofali la kwanza tukaamka asubuhi tukakuta kiwanja kimezungushiwa mabati mapya, askari wawili na mbwa, na tajiri mmoja ana hati anasema ni chake. Kumbe ule ukuta ndio uliokua unamzuia, maana ulikua na jina la kiwanja limeandikwa kwa rangi kubwa na kila mtu analiona toka barabarani. Ulipoanguka na jina likaanguka.

Ushauri wangu kwa wenye viwanja vya mtaa, mkishapigwa na mvua kabla ya kuchangisha saruji chukueni picha na tarehe, tafuteni wazee waliocheza hapo zamani waandike taarifa, na msiache kiwanja wazi hata siku moja, hata kama ni tope watoto wacheze kwenye hilo tope.

Mkazi wa Tudor (mwenye uzi)
Na timu iko wapi sasa mzee wangu?

Mchezeshaji Mstaafu wa Mtaani
Ipo. Tunaomba kiwanja cha shule baada ya alasiri, ila shule haina magoli. Tumechomelea ya kwetu ya vyuma, tunayabeba kwa mkokoteni kwenda na kurudi. Mwenye wavu wa zamani usiotumika aniandikie, hata ukiwa umetoboka tutashona.

Mama Viazi
Mzee hapo shuleni kuna muuzaji?