Ukuta wa usalama ndani ya ardhi ya jirani: acheni kulikwepa swali la mahali ulipojengwa

Wanajamvi, nimevumilia vya kutosha. Kila mjadala kuhusu ukuta wa Israel katika Ukingo wa Magharibi, eneo wanakoishi Wapalestina, unapoanza, haupiti muda kabla mtu hajauliza: je, nchi inayoshambuliwa haina haki ya kujilinda? Anayeuliza anajua kuwa hakuna mwenye utu atakayejibu kwamba haina, na akishalipata jibu hilo anajiona ameshinda kesi nzima. Hajashinda chochote. Ameliruka swali lenyewe, nalo ni mahali ukuta huo ulipojengwa.

Sibishi kwamba hatari ilikuwapo. Mwezi Machi 2002 mshambuliaji wa kujitoa mhanga alijilipua katika hoteli moja mjini Netanya, watu wakiwa wameketi kwa mlo wa sikukuu ya Pasaka ya Kiyahudi, na watu 30 wakauawa. Serikali iliyokuwa ikizika raia wake namna hiyo ilikuwa na wajibu wa kuchukua hatua, na ujenzi ulioanza mwaka huohuo ulichochewa na hofu ya kweli. Nayasema haya waziwazi kwa sababu hata miongoni mwa tunaoupinga ukuta wapo wanaoyapita mauaji yale kimyakimya, na ukimya wao unanikera vilevile.

Sasa tutazame ramani. Mstari wa kusitisha mapigano wa mwaka 1949 unaoitenga Israel na Ukingo wa Magharibi, unaojulikana kama Mstari wa Kijani, una urefu wa kilomita 320 hivi. Njia iliyopangwa ya ukuta inazidi kilomita 700. Ukuta wa kulinda mpaka unawezaje kuwa mrefu mara mbili ya mpaka wenyewe? Unaweza ikiwa tu unapinda na kujikunja na kuingia ndani ukiyafuata makazi ya walowezi, yaani Waisraeli waliohamia humo, na ndivyo ulivyochorwa, kwani takribani asilimia 85 ya njia hiyo imo ndani ya Ukingo wa Magharibi. Mwamba ngoma huvutia kwake, na hapa ngozi iliyovutwa ni mashamba, visima na mizeituni ya watu wengine.

Msiniambie kwamba hayo ni maneno ya maadui wa Israel, kwa maana Mahakama Kuu ya Israel yenyewe imeyasema. Tarehe 30 Juni 2004, katika kesi ya kijiji cha Beit Sourik, jopo lililoongozwa na Jaji Aharon Barak lilikubali kwamba jeshi linaweza kujenga kwa sababu za usalama, lakini likaamuru sehemu ya kilomita 30 hivi, kati ya 40 zilizokuwa zikibishaniwa, ibadilishwe, kwa kuwa mateso waliyopata wakulima yalizidi mno faida ya usalama iliyotarajiwa. Mwaka 2006, katika kesi ya kijiji cha Azzun, ilibainika kwamba njia ilikuwa imechorwa kwa kuzingatia mpango wa kupanua makazi ya walowezi, na kwamba mahakama haikuelezwa ukweli wote hapo awali. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Bil'in, na hadithi ikawa ileile: ukuta ulikuwa ukilinda nyumba ambazo hata hazijajengwa. Wakazi wa Bil'in walisubiri hadi mwaka 2011 ndipo ukuta ukasogezwa, na hata hapo hawakurudishiwa ardhi yao yote.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Neno usalama lilitumiwa mbele ya majaji kufunika uchukuaji wa ardhi, na bado kuna watu wazima wenye elimu zao wanaolirudia kila siku kana kwamba kesi hizo hazikuwahi kusikilizwa.

Tarehe 9 Julai 2004 Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague ilitoa maoni ya ushauri, kwa kura 14 dhidi ya 1, kwamba ujenzi wa ukuta ndani ya eneo linalokaliwa kimabavu unakiuka sheria ya kimataifa, kwamba usimamishwe, sehemu zilizojengwa humo zibomolewe na waliodhurika walipwe fidia. Watetezi wa ukuta hupenda kumtaja yule jaji mmoja aliyepinga, Thomas Buergenthal wa Marekani. Wangemsoma kwanza. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba mahakama haikuwa na ushahidi wa kutosha kuhusu usalama wa Israel, lakini yeye mwenyewe aliandika kwamba sehemu za ukuta zinazojengwa kulinda makazi ya walowezi zinakiuka sheria ya kibinadamu ya kimataifa, yaani sheria ya vita. Ni kweli kwamba maoni ya ushauri hayamfungi mtu kama hukumu, lakini kutofungwa nayo hakuyageuzi kuwa uongo.

Wengine hujibu kwamba eneo hilo halikaliwi kimabavu bali linabishaniwa. Hata tukilikubali neno hilo kwa ajili ya mjadala, linawaumiza wao wenyewe, maana kama ardhi inabishaniwa, anayetangulia kumwaga zege juu yake amejipa hukumu kabla ya shauri kusikilizwa. Wapalestina waliambiwa ukuta ni wa muda. Zaidi ya miaka 20 imepita, na kwa miaka mingi mkulima ambaye mizeituni yake ilibaki ng'ambo alilazimika kuomba kibali ili afike kwenye shamba lake mwenyewe, tena kupitia lango lililofunguliwa kwa saa zilizopangwa na askari, na malango mengine yalifunguliwa msimu wa mavuno tu. Mzeituni haulimwi kwa msimu mmoja. Mji wa Qalqilya umezungukwa karibu pande zote. Nionyesheni hatari inayozuiwa kwa kumtenga baba na miti aliyoipanda babu yake.

Mashambulizi yalipungua, ndiyo. Lakini ukuta wenyewe haukuwahi kukamilika, na kwa miaka mingi maelfu ya vibarua wasio na vibali walipenya kwenye mapengo yake kwenda kutafuta riziki, kwa hiyo anayetoa sifa yote kwa zege anasahau operesheni za jeshi na makubaliano ya kusitisha mashambulizi ya wakati ule.

Na ninyi mnaopaza sauti kwa ajili ya Palestina, Sahara Magharibi mmeisahau wapi? Morocco ilijenga huko, katika miaka ya 1980, tuta la mchanga na mawe lenye urefu wa kilomita 2,700 hivi, lenye askari na mabomu ya ardhini, likaigawa nchi ya Wasahrawi vipande viwili huku maelfu yao wakiishi kambini karibu na Tindouf nchini Algeria hadi leo. Ni Waafrika wenzetu, na nyuzi zinazowahusu hapa hazifiki ukurasa wa pili.

Atakayekuja kunijibu asiniulize tena kama Israel ina haki ya kujilinda. Aanze na kesi ya Azzun, anieleze ni usalama gani uliokuwa ukilindwa pale.