Mrejesho: kadi tatu zenye namba, nimetuma moja tu

Wakuu, niliuliza kama kadi zangu tatu za mpira, moja ya 25 (yaani zilichapwa nakala 25 tu) na mbili za 99, zinafaa kutumwa kutoka Kampala hadi Marekani kupewa gredi, yaani kampuni iikague kadi, iipe alama hadi 10 na kuifunga kwenye plastiki. Asanteni, hasa mlionikazania nipime kwanza.

Kadi ya kwanza ya 99 ilikwama kwenye rula: pambizo moja milimita 2.6, ya pili 1.4, yaani picha haiko katikati, ni 65 kwa 35. Kwa gredi ya 10 kampuni nyingi zinataka isizidi 55 kwa 45 upande wa mbele. Nyingine ina kona iliyopauka. Zote mbili nimeziacha bila gredi. Nauli ya kwenda na kurudi pamoja na ushuru vingemeza faida.

Ya 25 niliifuta taratibu kwa kitambaa cha maikrofaiba kikavu, nikaitia kwenye mfuko laini, kisha kava la plastiki lisilo gumu sana (si lile gumu kabisa, maana kuitoa humo ndiko kunakochubua kona), katikati ya vipande viwili bapa vya kadibodi. Ilifika salama.

Ila imepata 9. Nyuma kulikuwa na kibonyeo kidogo kinachoonekana tu ukiinamisha tochi ya simu. Mimi nilimulika mbele peke yake, ingawa mmoja wenu alisema pande zote! Kwa kadi adimu hivi sijutii: mnunuzi anapata uhakika kwamba si bandia.

Pakiti za silika (zinazofyonza unyevu) nazo zimesaidia. Kadi za kromu, zile zenye uso wa kung'aa, zilizokuwa zikijikunja kwa unyevu zimetulia.