Vitufe vya laptopu na orodha ya michango ya harusi

Shangazi Mwajuma: Assalaam aleikum nyote. Ahadi za michango ya harusi ya Latifa zinazidi kuingia kwenye kundi la kamati, nami kama katibu nazihamishia Excel, programu ya majedwali, jina kwa jina, mkono ukitoka kwenye kibodi kwenda kwenye kipanya na kurudi bila kupumzika. Hamisi, nielekeze njia ya haraka, maana kikao ni Jumamosi.

Hamisi: Waaleikum salaam, shikamoo Shangazi. Wengi wetu tukishajua kubonyeza kwa pamoja Ctrl na C ya kunakili pamoja na Ctrl na V ya kubandika, huendelea kunakili jina mojamoja, ilhali nafuu kubwa iko katika kuchukua orodha nzima kwa mara moja. Fungua WhatsApp kwenye laptopu, chagua mistari yote ya orodha, bonyeza Ctrl na C, tumia Alt na Tab kuhamia Excel, kisha bonyeza Ctrl na V ukiwa juu ya seli tupu, yaani kisanduku cha jedwali kisicho na kitu. Kila mstari utaingia katika seli yake.

Shangazi Mwajuma: Marahaba mwanangu. Mistari imeshuka vizuri, lakini jina na kiasi vimekaa pamoja, kwa mfano "Mama Asha - 50,000", na mweka hazina anataka safu mbili.

Hamisi: Hapo ndipo penye utamu wenyewe. Katika safu ya pili, sambamba na mstari wa kwanza, andika "Mama Asha", bonyeza Enter, halafu Ctrl na E. Excel, kuanzia toleo la 2013, hutazama mfano wako na kujaza majina yaliyobaki hadi chini. Fanya vivyo hivyo katika safu ya tatu kwa kiasi, bila kuandika neno shilingi. Nakusihi upitie matokeo kwa macho, kwa sababu mtu akiandika kiasi kabla ya jina mpangilio huvurugika. Ukiona umeharibika, Ctrl na Z itakurudisha nyuma.

Rehema: Shikamoo Shangazi. Ukifika mwisho wa safu ya kiasi, simama kwenye seli tupu iliyo chini yake, bonyeza Alt pamoja na alama ya usawa (=), kisha Enter, na jumla itatokea. Kwa wanaoleta ahadi kwa mdomo, andika jina, bonyeza Tab, andika kiasi, bonyeza Enter, na utarudi mwanzo wa mstari unaofuata bila kugusa kipanya.

Mjomba Rajabu: Nimefuatilia kwa makini. Kwa nini kubandika kukapewa herufi V?

Hamisi: Shikamoo Mjomba. Tazama safu ya chini ya kibodi: Z, X, C na V zimefuatana, kwa hiyo kutengua, kukata, kunakili na kubandika vyote viko chini ya mkono wa kushoto. Kompyuta ya Apple iitwayo Lisa, iliyotoka mwaka 1983, ilizitumia herufi hizo. Kazi yenyewe ya kukata na kubandika ilibuniwa miaka ya 1970 na Larry Tesler na Tim Mott katika maabara ya Xerox PARC huko California.

Shangazi Mwajuma: Na wale wanaotuma ahadi kila mmoja kwa ujumbe wake?

Hamisi: Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na V, na mara ya kwanza ukubali kuwasha historia ya kunakili. Tangu hapo unaweza kunakili ujumbe baada ya ujumbe, kisha ukiwa Excel ubonyeze vitufe hivyo tena na kuchagua kimoja kimoja, kwa kuwa kompyuta huhifadhi hadi vitu 25. Kwa kuwa laptopu hiyo inatumiwa na wengi hapo nyumbani, usinakili nywila wala namba ya siri ya benki wakati historia imewashwa, na ukimaliza kazi ya leo uifute yote kutoka katika dirisha hilohilo.