Saa 24 zinakwisha, kitanda hakuna, lawama anabebeshwa nesi wa zamu (wodi za akili, England)

Wakuu, mlioko kwenye wodi za akili England mje hapa, maana hili limetushinda.

Polisi wakimzuia mtu anayeonekana kuugua akili kwa Kifungu cha 136 cha Sheria ya Afya ya Akili (vifungu vyote hapa ni vya sheria hiyo), saa zinaanza kuhesabiwa akifikishwa mahali pa usalama, mfano hospitalini. Zilikuwa 72, tangu Desemba 2017 ni 24. Daktari anaweza kuongeza 12, ila kwa hali ya mgonjwa tu, mfano amelewa chakari hahojiki. Kukosa kitanda si sababu.

Sasa linakwama wapi? Madaktari wawili wameandika mapendekezo alazwe kwa lazima, mmoja wao ameidhinishwa kwa Kifungu cha 12 kama mjuzi wa magonjwa ya akili. AMHP (mtaalamu wa afya ya akili aliyeidhinishwa, ndiye anayesaini ombi) kalamu mkononi. Lakini ombi la kumlaza lazima litaje hospitali itakayompokea. Hakuna kitanda, hakuna jina. Hakuna jina, hakuna ombi. Saa ya 25 mtu yuko kwenye kiti cha plastiki kitengo cha dharura, hajalazwa, hajaachiwa, mlinzi kasimama mlangoni. Anazuiwa kwa kifungu gani? Utajibiwa "tunamsubiri meneja wa vitanda".

Na vitanda vimeshikiliwa huku huku wodini. Chukua wodi ya wagonjwa 18, usiku manesi wawili na wasaidizi watatu. Mgonjwa mmoja haruhusiwi kuachwa hata hatua moja: msaidizi wa kwanza huyo. Mwingine kafungiwa chumba cha peke yake: lazima mtu awe karibu muda wote akimwona na kumsikia, msaidizi wa pili huyo, na kila saa mbili wamkague watumishi wawili, mmoja nesi aliyesajiliwa. Akitokea mgonjwa wa kudhibitiwa kwa kushikwa, wanahitajika watatu, mmoja akishika kichwa na kuangalia pumzi. Watoke wapi? Na dawa za saa nne usiku bado ziko kwenye toroli.

Kukicha, cha kwanza kukatwa ni ruhusa ya mgonjwa kutoka nje ya hospitali, ya Kifungu cha 17. Daktari bingwa kaisaini: dakika 30 nje, akisindikizwa. Jumatatu msindikizaji hayupo, Alhamisi hayupo. Daktari naye hamrudishi mtu nyumbani bila kuona anavyojimudu nje. Kitanda hakitoki, na yule wa kiti cha plastiki anaingia siku ya pili.

Kinachokera kuliko vyote ni faili. Ruhusa imefutwa kwa kukosa watu, linaandikwa "hakuitumia". Acheni hiyo tabia! Andikeni "imefutwa, upungufu wa wafanyakazi", saa, na idadi ya waliokuwa zamu, kisha jazeni fomu ya tukio, kila mara. Aliyelazwa kwa lazima ili achunguzwe, wa Kifungu cha 2, ana siku 14 tu za kukata rufaa kwenye baraza la rufaa za afya ya akili; mbele ya baraza hilo "hakuitumia" linasomeka kama mtu asiyetaka kupona.

Ma-AMHP nanyi mna Kifungu cha 140: bodi ya afya ya eneo inatakiwa kuijulisha halmashauri hospitali zilizopangwa kupokea wa dharura kubwa. Iombeni orodha hiyo kwa maandishi, wiki hii, muone watakavyorushiana barua pepe.