Semina za haki za binadamu kwa mahakimu na waendesha mashtaka zifanyweje ili zionekane kwenye maamuzi?

MwanaNgamiani ameandika:

Wakuu salaam. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Tanga mjini, sina digrii ya sheria, ni hawa tunaosindikiza watu mahakamani na kuwaandikia barua zao. Naomba tujadili hili bila matusi.

Juzi kati nilikuwa mahakamani, sitaji ipi. Kijana wa kutoka Pangani kashtakiwa kwa wizi wa mashine ya boti, kosa lenye dhamana, halina utata. Dhamana ikasomwa: wadhamini wawili, wote watumishi wa umma, kila mmoja na barua ya mwajiri. Mama yake kasimama pale na bahasha ya kaki, ndani kuna barua ya mtendaji wa kijiji yenye muhuri, nakala za NIDA na picha ndogo za mjomba na jirani, wote wavuvi. Mtumishi wa umma wampate wapi hao? Kijana karudi mahabusu. Mwendesha mashtaka hakusema neno, anafunga tu mafaili yake na kuyatia kwenye mkoba wa semina, ule wa bluu, umeandikwa kabisa "haki za binadamu" ubavuni.

Nikabaki najiuliza, hizi semina wanafundishwaga nini? Ninazozijua ni siku mbili hotelini, slaidi za Kiingereza, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1966, picha ya pamoja, cheti. Kama ni nyie mngeambiwa mpange upya mafunzo ya majaji, mahakimu na waendesha mashtaka mngeanzia wapi?

---

Mla Kisamvu:

Anzia kwenye posho mkuu. Ondoa posho uone nani atakuja.

---

mzee_wa_jalada:

Kijana, swali lako zuri na huyo wa juu yako hajakosea sana ila amerahisisha mno.

Nimekaa kwenye kiti cha hakimu miaka mingi, sasa nimestaafu nalima tangawizi huku milimani. Kwanza lazima ujue Hati ya Haki za Binadamu iliingia kwenye Katiba yetu 1984, ikaanza kutumika mahakamani 1988. Kuna wenzetu walisoma sheria kabla ya hapo, haki za binadamu kwao ilikuwa siasa ya Umoja wa Mataifa, si sheria ya kutolea uamuzi. Tuliobadilika hatukubadilishwa na semina, tulibadilishwa na hukumu. Jaji Mwalusanya 1990 pale Mwanza kwenye shauri la Holaria Pastory alisema mwanamke ana haki ya kuuza shamba la ukoo kama mwanamume, akaegemea Katiba waziwazi. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani kwenye shauri la Daudi Pete ikabatilisha kipande cha kifungu kilichokuwa kinanyima dhamana, na ikasema Katiba isomwe pamoja na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Tulisoma nakala za taipu, zimefifia hata hazisomeki vizuri, lakini tulibishana usiku kucha maana zilikuwa zinagusa meza zetu.

Kwa hiyo mimi ningefuta slaidi. Chukua majalada yaliyokwisha kabisa, futa majina, mpe kila hakimu moja, mwambie una dakika arobaini andika uamuzi wa dhamana wenye sababu. Sababu ndiyo kila kitu. Hapo ndipo utakapoona mtu anaandika "wadhamini wawe watumishi wa umma" na ukimuuliza kwa nini, anakuambia ndivyo alivyomkuta mtangulizi wake anafanya!! Hakuna sheria iliyomtuma, ni mazoea. Sheria inasema dhamana isizidi kiasi na iangalie mazingira ya shauri, sasa mvuvi ukimtaka alete mwalimu na nesi umempa dhamana ya mdomoni tu.

Halafu mafunzo yawe ya kweli, yaseme pale mikono ilipofungwa. 2020 Mahakama ya Rufani kwenye shauri la Dickson Sanga ilisema kile kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, cha makosa yasiyo na dhamana, hakivunji Katiba. Hakimu wa wilaya hawezi kupinga hilo hata ahudhurie semina mia. Mkufunzi anayekuja kumwambia "toa dhamana, ni haki ya binadamu" kwenye kosa kama hilo anapoteza muda na anamfanya hakimu aone somo zima ni porojo. Ila kwenye mashine ya boti mikono iko huru. Mafunzo yakae hapo, penye nafasi.

Na huyo mama arudi mahakama ileile aombe masharti yalegezwe, aeleze kwa maandishi kwamba ndugu zake wote ni wavuvi. Wakikataa Mahakama Kuu ina mamlaka ya kuyapunguza, na ipo hapo hapo Tanga.

---

MwanaNgamiani:

Shikamoo mzee. Hilo la kuomba kulegezewa nalishughulikia leo leo. Sasa na waendesha mashtaka je? Yule alinyamaza kimya kama hayamhusu.

---

wakili_wa_upande_ule:

Mzee shikamoo. Mimi ni mwendesha mashtaka kwa hiyo nipigeni mawe taratibu 😅

Watu wengi hawajui kwamba kuendesha mashtaka mahakamani kwa muda mrefu ilikuwa kazi ya polisi. Sheria ya Huduma za Mashtaka ya 2008 ndiyo iliyoweka mfumo wa kuiondoa kwao kuipeleka kwa mawakili chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP), na ikaenda taratibu wilaya kwa wilaya. Maana yake tumerithi majalada pamoja na tabia zake. Nikifungua faili asubuhi nakuta maelezo ya onyo ya mshtakiwa, yaani yale anayoandikiwa polisi baada ya kuonywa, amekamatwa alfajiri, maelezo yamechukuliwa usiku. Sheria inampa polisi masaa manne ya kumhoji tangu amshike, akitaka zaidi aongezewe kwa utaratibu. Hakuna nyongeza kwenye faili. Sasa mimi nifanyeje? Nikiyapeleka mahakamani wakili wa utetezi akiwa macho yanakataliwa na kesi inakufa, mshtakiwa akiwa hana wakili yanapita, na mtu anafungwa kwa maneno ambayo huenda hakuyasema kwa hiari.

Hapo ndipo mafunzo yangu mimi yalipo. Sio ibara ya 13(6) ya Katiba, hiyo naijua kwa moyo, inakataza mtu kuteswa na inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa. Ninachotaka kufundishwa ni namna ya kumrudishia mpelelezi faili na kumwambia hii siendi nayo, bila kugombana na kituo kizima ambacho nitakihitaji kesho. Ni ustadi huo, haufundishwi.

Kwa hiyo napingana kidogo na mzee. Mimi sikai darasa moja na hakimu. Nikae na wapelelezi, tufungue faili moja pamoja, wao wajue linakuja kuvunjikia wapi. Hakimu akisoma na mimi, tukala pamoja, tukapiga picha pamoja, mshtakiwa akituona atasema nini? Hata kama hatujala njama inaonekana vibaya. Au basi waalikwe na mawakili wa utetezi wawe sawa kwa idadi.

---

mzee_wa_jalada:

Hoja ya kukaa tofauti naikubali nusu. Ila hakimu asipomsikia mwendesha mashtaka akieleza haya uliyoyaeleza ataendelea kuahirisha tu kila akisikia "upelelezi haujakamilika". Japo siku hizi afadhali, marekebisho ya 2022 yanataka kesi isifikishwe mahakamani mpaka upelelezi uishe, isipokuwa yale makosa makubwa.

---

binti_Korogwe:

Mimi nasoma sheria na naona mmesahau kitu, LUGHA. Tangu 2021 sheria imesema Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama na ya sheria, Katiba yenyewe iko kwa Kiswahili, mshtakiwa anaongea Kiswahili, shahidi Kiswahili (au Kisambaa kabisa), halafu mafunzo ya haki za huyo mtu yanatolewa kwa Kiingereza. Mtu anatoka semina anajua maneno ya kitaalamu lakini hawezi kumweleza bibi wa Bumbuli ana haki gani kizimbani.

Pili mtandao. Baraza la Ulaya lina mpango unaitwa HELP, kozi za mtandaoni za haki za binadamu kwa majaji, waendesha mashtaka na mawakili wa nchi zao, na cha maana zaidi kozi moja inachukuliwa na mkufunzi wa nchi husika anaipachika sheria za kwao na hukumu za kwao, hawasomi tu Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kule Strasbourg inasema nini. Hakimu anasoma kidogo kidogo wiki kadhaa huku yuko kazini. Sisi tuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama hapo Lushoto, kipo kwa sheria ya 1998, kwa nini hakimu wa Kilindi asisome akiwa Kilindi halafu apande Lushoto mara moja tu kwa yale mazoezi ya majalada ya mzee? Tatizo bando na umeme sawa, lakini mashauri yenyewe siku hizi si yanafunguliwa kwa mfumo wa kompyuta?

---

Chuma cha Reli:

Nyie wote mnapoteza muda. Serikali ilishajitoa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha, sasa mnawafundisha mahakimu haki za binadamu za nini?

---

mzee_wa_jalada:

Hapana ndugu, hapo pametatanisha watu wengi. Novemba 2019 kilichoondolewa ni lile tamko la kuruhusu mtu binafsi na asasi kwenda moja kwa moja, likaisha nguvu mwaka mmoja baadaye. Nchi bado ni mwanachama wa ile itifaki iliyounda mahakama hiyo na Mkataba wa Afrika wenyewe uko palepale. Na zile hukumu zilizotoka ni darasa tosha maana nyingi ni zetu. Soma Alex Thomas ya 2015, mtu kahukumiwa miaka 30 bila kupewa wakili wa msaada, mahakama ikasema haki ya kusikilizwa imevunjwa. Soma Ally Rajabu, Novemba hiyohiyo ya 2019, kuhusu adhabu ya kifo ya lazima inayomnyima jaji nafasi ya kupima. Mwendesha mashtaka akisoma hiyo ya Alex Thomas hatakaa kimya tena akiona mtu anajitetea mwenyewe kwenye unyang'anyi wa silaha. Angalau natumaini.

---

Mla Kisamvu:

Mzee umenipata kwenye Alex Thomas, nilikuwa siijui. Ila bado nauliza nani atapima? Mtu akimaliza zoezi anarudi kwenye mazoea.

---

wakili_wa_upande_ule:

Miezi sita baadaye chukua maamuzi yake kumi ya dhamana, yasome. Kama sababu hazijaandikwa, arudi darasani na cheti asipewe. Hata sisi hivyohivyo, hesabu mafaili tuliyoyarudisha kwa wapelelezi na kwa sababu gani. Wakubwa hawatalipenda hilo.

---

MwanaNgamiani:

Tuna kikundi cha wasaidizi wa kisheria tunakutana Jumamosi Chumbageni. Nataka tujaribu wenyewe hilo zoezi la jalada japo sisi si mahakimu. Tunapata wapi maandiko?

---

binti_Korogwe:

TanzLII kaka, ule mtandao wa hukumu na sheria za Tanzania, bure, unashusha PDF. Nyingi ni Kiingereza ila nakuja Jumamosi tusome pamoja, nitafupisha Pete na Sanga kwa Kiswahili ukurasa mmoja mmoja tuziweke ubavu kwa ubavu. Mzee na wewe shuka basi.

---

mzee_wa_jalada:

Nauli ya Lushoto mpaka Tanga mnalipa nyie. Na jalada liwe lililomaliza rufaa, msije mkajadili kesi iliyo hai mkanitia matatani uzeeni.